Umeme wa Mawimbi na wa Maji Kupwa na Kujaa: Kanuni, Kiasi na Mipaka Yake, kwa Kuanzia Mtendeni, Tabora

1.0 Usuli

Mtendeni ipo mjini Tabora, takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na mamia ya kilomita kutoka pwani. Ni jambo la kushangaza kidogo kuanzia hapa ufafanuzi kuhusu nishati ya bahari, lakini uhusiano wa Tabora na bahari si mpya. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliteremka kutoka hapa hadi Bagamoyo, na wapagazi wa Kinyamwezi walipanga safari zao kati ya mavuno na msimu wa kilimo. Walipofika Bagamoyo walikuta pwani isiyo na kina: jahazi huingia maji yakijaa, hukaa juu ya mchanga yakipwa, hupakiwa, kisha huelea tena. Kazi ya kuinua na kushusha chombo chenye shehena ilifanywa na mwezi, bila malipo. Suala la makala haya ni kama kazi hiyo hiyo inaweza kugeuzwa kuwa umeme, ni umeme kiasi gani, na kama kiasi hicho kina maana yoyote kwa mkazi wa bara.

Swali hili si la kinadharia tu. Katika miongo miwili iliyopita Tanzania Bara imepitia mgao wa umeme zaidi ya mara moja, ule wa mwaka 2006 ukiwa mfano unaokumbukwa sana, na chanzo kikuu kilikuwa kupungua kwa maji katika mabwawa kama Mtera. Nchi inayotegemea mvua kwa sehemu kubwa ya umeme wake ina sababu ya kuuliza habari za chanzo ambacho hakijui ukame. Bahari hupwa na kujaa mwaka wa mvua na mwaka wa njaa kwa kipimo kile kile.

Kabla ya kuendelea, neno moja linahitaji kuwekwa sawa. Mjini Tabora mtu akitaja "nishati safi" leo, msikilizaji huelewa gesi ya kupikia au jiko la umeme badala ya kuni na mkaa. Maana hiyo imepata nguvu zaidi tangu kuzinduliwa kwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Katika makala haya neno hilo linatumika kwa maana pana: nishati ambayo uzalishaji wake hauchomi kitu. Maana hizi mbili hazipingani, na mwishoni zitakutana.

2.0 Maji kupwa na kujaa

Wavuvi wa pwani wana istilahi kamili kwa jambo hili, na mtafiti haoni haja ya kuunda nyingine. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku ya mwezi, ambayo ni saa 24 na dakika 50. Kwa hiyo kutoka maji makuu hadi maji makuu yanayofuata ni takriban saa 12 na dakika 25. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, mvuto wa jua huungana na wa mwezi, na tofauti kati ya maji makuu na maji madogo huwa kubwa: hiyo ni bamvua. Takriban siku saba baadaye jua na mwezi huvuta kwa pembe mraba, tofauti hupungua, nayo huitwa maji mafu. Katika mkondo wa Zanzibar tofauti ya bamvua hukaribia mita 4; ya maji mafu hushuka hadi karibu mita 1.

Kuna njia mbili za kuvuna nishati hii. Ya kwanza ni kujenga ukuta kwenye mdomo wa ghuba au hori, kuyaacha maji yaingie yakijaa, kuyafungia ndani, kisha kuyaachia yapite kwenye mitambo wakati nje maji yameshapwa. Kanuni yake ni ile ya bwawa la mto, isipokuwa kimo cha maji ni kidogo na hubadilika kila saa. Nishati inayopatikana kwa kila mpwo ni nusu ya zao la uzito mahususi wa maji ya bahari (kilo 1,025 kwa mita ya ujazo), mvutano wa dunia (9.81), eneo la bwawa, na mraba wa tofauti ya kimo. Neno la kuangaliwa hapa ni "mraba". Eneo likiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara mbili. Kimo kikiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne.

Tuchukue ghuba ya mfano yenye kilomita za mraba 10 kwenye pwani yenye tofauti ya mita 4. Kwa kanuni iliyotajwa, kila mpwo wa bamvua una jouli takriban bilioni 804. Zikigawanywa kwa sekunde 44,700 za mzunguko mmoja, wastani wa nguvu ni megawati 18. Hiyo ni nadharia. Mtambo wa La Rance nchini Ufaransa, uliofunguliwa mwaka 1966 ukiwa na uwezo wa megawati 240, unatupa kipimo cha uhalisi: bwawa lake lina takriban kilomita za mraba 22, wastani wa tofauti ya maji ni mita 8, na huzalisha takriban gigawati-saa 500 kwa mwaka. Hizo ni wastani wa megawati 57, wakati hesabu ya nadharia kwa uzalishaji wa mpwo pekee hutoa karibu 158. Kinachopatikana, basi, ni kiasi cha theluthi moja na zaidi kidogo. Ghuba yetu ya mfano ingetoa takriban megawati 6 siku za bamvua. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, kimo kikiwa mita 1, nguvu hugawanywa kwa 16: chini ya megawati 0.4, na inawezekana kabisa mitambo isizunguke, kwa sababu kila mtambo una kimo cha chini kabisa unachohitaji ili kuanza kazi.

Megawati 6 kwa kilomita za mraba 10 za ghuba, tena kwa siku chache za mwezi, ni mavuno haba. Mtafiti anasisitiza hesabu hii kwa sababu maandishi mengi yanayohimiza umeme wa bahari hutaja La Rance, au mtambo wa Ziwa Sihwa nchini Korea Kusini uliofunguliwa mwaka 2011 wenye megawati 254, kisha huruka moja kwa moja hadi pwani yoyote yenye bamvua. Mita 8 na mita 4 si nusu kwa nusu. Ni nne kwa moja.

Njia ya pili haihitaji ukuta. Mtambo wenye mapanga, unaofanana na kinu cha upepo, huzamishwa pale maji yanapopita kwa kasi kati ya visiwa au kwenye mlango mwembamba. Hapa kanuni ni kali zaidi, kwa kuwa nguvu hufuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yana takriban wati 512 kwa kila mita ya mraba ya mlango wa mtambo; yakienda mita 2.5 kwa sekunde yana wati 8,000. Mlango wa Pentland huko Scotland, ambako mradi wa MeyGen una mitambo minne ya megawati 1.5 kila mmoja, una mikondo inayofikia mita 5 kwa sekunde. Mtambo wa SeaGen uliofungwa mwaka 2008 katika mlango wa Strangford, Ireland ya Kaskazini, ulikuwa na megawati 1.2 na uliondolewa baada ya kazi yake ya majaribio kumalizika.

Pwani ya Tanzania ina jambo la ziada ambalo Ulaya haina: mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki, unaokwenda kaskazini bila kugeuka na kuongeza kasi wakati wa kusi. Nahodha wa zamani aliujua kwa madhara yake. Aliyechelewa kurudi kutoka Pemba kwenda kusini alipambana nao. Mkondo huu haufuati bamvua, kwa hiyo kinadharia ungeweza kujaza pengo la maji mafu. Lakini hulegea wakati wa kaskazi, na sehemu kubwa yake hupita mbali na nchi kavu, kwenye vina ambavyo nguzo ya mtambo haifiki. Milango midogo kati ya visiwa vya Pemba na maziwa yake ndiyo inayostahili kuangaliwa kwanza.

3.0 Mawimbi

Mawimbi ni mtoto wa upepo, na upepo ni mtoto wa jua. Wimbi linaloonekana Paje au Jambiani linaweza kuwa limeanzia kwenye dhoruba za kusini mwa Bahari ya Hindi siku kadhaa kabla. Nguvu yake kwa kila mita ya pwani hukadiriwa kwa kuzidisha mraba wa kimo cha wimbi (kwa mita) kwa muda kati ya wimbi na wimbi (kwa sekunde), kisha kuchukua karibu nusu ya zao hilo. Jibu hupatikana kwa kilowati. Wimbi la mita 1.5 linalopishana na jingine kila sekunde 8 lina takriban kilowati 9 kwa mita. Pwani ya magharibi ya Ireland, kwa kulinganisha, hupata wastani wa zaidi ya kilowati 50.

Tena hizo kilowati 9 zipo nje ya mwamba wa matumbawe. Mwamba huo ndio unaozuia wimbi lisifike ufukweni na nguvu zake zote, na ndio sababu ndani yake kuna maji tulivu ambamo watu huvua na kulima. Mtambo ukiwekwa ndani ya mwamba hauna cha kuvuna; ukiwekwa nje unahitaji kebo ipite juu ya matumbawe au kuyatoboa.

Historia ya mitambo ya mawimbi yenyewe haitii moyo. Mitambo mitatu ya Pelamis, iliyofanana na nyoka wa chuma wanaoelea, iliwekwa baharini karibu na Aguçadoura nchini Ureno mwaka 2008, jumla yake megawati 2.25. Ilitolewa majini baada ya miezi michache. Uliodumu ni mtambo wa Mutriku katika nchi ya Wabaski, uliofunguliwa mwaka 2011: vyumba vilivyojengwa ndani ya ukuta wa bandari, wimbi likiingia chini husukuma hewa iliyo juu, na hewa huzungusha turbaini. Uwezo wake ni kilowati 296 tu. Faida yake ni kwamba hakuna kinachozunguka ndani ya maji ya chumvi, na ukuta ulikuwa unajengwa hata bila umeme. Bandari yoyote mpya ya pwani yetu itakayohitaji ukuta wa kuvunja mawimbi ingeweza kufikiriwa hivyo. Zaidi ya hapo mtafiti haoni nafasi ya mawimbi kwa sasa.

4.0 Kisiwa gizani

Mwezi Mei 2008 kisiwa cha Unguja kilikosa umeme kwa takriban mwezi mzima. Kilikuwa kinapata umeme wake kutoka Bara kupitia kebo moja ya chini ya bahari iliyowekwa mwaka 1980, yenye uwezo wa megawati 45, na hitilafu ilipotokea hapakuwa na njia nyingine. Mwezi Desemba mwaka uliofuata jambo lile lile lilirudi, na safari hii giza lilidumu hadi Machi 2010. Maji ya bomba yalitegemea pampu za umeme, kwa hiyo yalikatika pia. Foleni zilihamia kwenye visima. Hoteli ziliwasha jenereta, wenye uwezo mdogo wakafunga shughuli. Kebo ya pili, ya megawati 100, ilikamilika mwaka 2013 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Pemba ilikuwa imepata kebo yake kutoka mkoa wa Tanga mwaka 2010. Kabla ya hapo iliishi kwa jenereta za dizeli, kama Mafia ilivyoishi kwa miaka mingi.

Kwa muda wote wa miezi ile mitatu bahari iliyozunguka Unguja ilipanda na kushuka takriban mara 170. Ni rahisi kulisema jambo hili kwa kejeli, na limesemwa. Hesabu ya sehemu ya 2.0 inaonyesha kwa nini kejeli hiyo si ya haki: hakuna ghuba ya Unguja ambayo ingeweza kuchukua nafasi ya kebo. Lakini kuna swali dogo zaidi ambalo kejeli hulificha. Megawati moja au mbili za mikondo, zikisaidiwa na betri, zingeweza kuendesha pampu za maji za mji katika muda ambao kebo haifanyi kazi. Hicho ni kiasi ambacho SeaGen ilikuwa tayari ikikizalisha kwa mtambo mmoja tu, mwaka ule ule wa 2008. Mtafiti anaona kwamba umeme wa bahari kwa visiwa upimwe kwa swali hili la akiba, wala si kwa swali la kama unaweza kulisha kisiwa kizima.

5.0 Bamvua ina wenyewe

Kilimo cha biashara cha mwani kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani hufungwa kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi, mahali ambapo maji hayaondoki kabisa isipokuwa wakati wa bamvua. Kupanda, kukagua na kuvuna hufanyika katika saa chache za maji madogo ya siku hizo. Siku za maji mafu shamba halifikiki kwa miguu. Wakusanyaji wa pweza na chaza hufuata kalenda hiyo hiyo.

Ukuta wa kuzuia maji unaozalisha umeme wakati wa mpwo haufungui bwawa hadi chini. Huacha kuzalisha kimo kinapokuwa kidogo mno, nao maji ya nje yanaanza kujaa tena. Matokeo yake, ndani ya ukuta maji hayashuki chini ya takriban nusu ya tofauti ya kawaida. Kwa lugha ya mkulima, bamvua haipo tena. Shamba la mwani lililokuwa likionekana mara mbili kwa mwezi halitaonekana kamwe, na mikoko iliyozoea kukauka mizizi kila siku itasimama majini. La Rance ilipojengwa, mlango wa mto ulizibwa kwa takriban miaka mitatu, na viumbe wa ndani walihitaji kiasi cha miaka kumi kurudi katika uwiano mpya. Wafaransa walikuwa na njia nyingine za kula katika miaka hiyo kumi.

Kwa sababu hii mtafiti anaiondoa njia ya ukuta katika mjadala wa Zanzibar, hata kabla ya kufika kwenye gharama. Msingi wa kuiondoa ni kwamba nguvu ile ile ya maji tayari inafanya kazi, na ina wamiliki wasio na hati.

6.0 Umeme unavyofika Tabora

Msomaji wa Mtendeni anaweza kuuliza sasa: hayo yote yananihusu nini? Jibu la haraka, kwamba umeme utasafirishwa hadi Tabora, si sahihi. Umeme hupotea njiani kwa kiasi kinachofuata mraba wa mkondo wake. Megawati 10 zikipitishwa kwa kilovolti 33 huhitaji ampea 175, zikipitishwa kwa kilovolti 132 huhitaji takriban 44, na upotevu katika waya ule ule hupungua mara 16. Ndiyo maana njia ndefu hujengwa kwa msongo mkubwa. Hata hivyo hakuna mtu angejenga njia ya kuleta megawati mbili za Pemba hadi Unyamwezi.

Gridi ya Taifa ifikiriwe kama kisima kimoja chenye ndoo nyingi. Pemba ikivuna megawati mbili kutoka kwenye mikondo yake, huchota megawati mbili pungufu kutoka Tanga. Tanga huchota pungufu kutoka kwenye mabwawa. Na maji yaliyobaki Mtera hubaki kwa ajili ya saa nyingine na mji mwingine. Faida ya Tabora, basi, ni maji yasiyotumika. Ni ndogo, lakini huja katika miaka ya ukame, ambapo kila kitu kidogo huonekana. Kwa nishati inayozalishwa karibu na nyumbani, Tabora ina jua, na mradi wa umeme wa jua wa Kishapu katika mkoa jirani wa Shinyanga, uliopangwa kufikia megawati 150, unaonyesha wapi nguvu ya kanda hii ilipo.

Wengine wamewahi kupendekeza Ziwa Tanganyika badala ya bahari, kwa kuwa lipo mwisho wa reli hiyo hiyo. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini mwezi hauinui maji yake kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Gimba la maji lililofungwa pande zote halipati bamvua ya bahari. Kusi huyasukuma maji ya ziwa hili kuelekea kaskazini, na yakirudi hutikisika polepole kwa wiki kadhaa, hasa chini ya uso. Mwendo huo hupandisha virutubisho vinavyolisha dagaa wa Kigoma, lakini hauna kasi ya kuzungusha mtambo. Kuhusu mawimbi ya juu, wimbi la nusu mita kila sekunde 3 lina chini ya kilowati 0.4 kwa mita.

Hapa ndipo maana mbili za nishati safi zinapokutana. Miombo ya Tabora hukatwa kwa mkaa na kwa kukaushia tumbaku, na jiko la umeme mjini halitapikia mtu aliyezoea kulikuta halina umeme wakati wa mgao. Uhakika wa gridi ni sehemu ya uhifadhi wa msitu, na kila chanzo kisichotegemea mvua huongeza uhakika huo kwa kiasi chake.

Kazi inayotangulia nyingine zote haihitaji mtambo. Ni kuweka kipima mkondo kwenye sakafu ya milango miwili au mitatu ya Pemba kwa mwaka mzima, kipite kusi na kaskazi na matlai zote mbili, na kisome kasi katika kila kina, bamvua na maji mafu. Kasi ikikaa chini ya mita 1 kwa sekunde kwa sehemu kubwa ya mwezi, mjadala umekwisha na fedha ziende kwenye jua. Ikizidi mita 2 kwa saa za kutosha kila siku, hesabu za sehemu ya 4.0 zinaweza kurudiwa kwa takwimu halisi.